Kunasa, kukuza na kupaza: istilahi na vifaa vya kurekodi sauti nyumbani

Neno kipaza sauti hutumika kwa vifaa viwili vyenye kazi zilizo kinyume. Mshereheshaji wa harusi hushika kipaza sauti mkononi, na maneno yake huwafikia wageni kupitia kipaza sauti kilichosimamishwa pembeni mwa ukumbi. Sentensi "Kipaza sauti kimeharibika" haimwambii fundi aanzie wapi. Ukumbini utata huo huisha kwa kunyoosha kidole. Kwa anayetaka kurekodi sauti nyumbani, awe mwimbaji, msomaji wa vitabu au mkusanyaji wa matamshi ya maneno, utata huo una gharama: anaweza kununua kifaa kizuri kisicholingana na kazi yake. Kinga yake ni kutenganisha vitenzi vitatu.

Kunasa

Maikrofoni hunasa mawimbi ya sauti na kuyageuza kuwa umeme. Jina kinasa sauti lingeifaa, lakini limekwisha kuzoeleka kwa mashine ya kurekodi. Kwa hiyo maikrofoni ndilo neno lisilo na utata.

Aina mbili hutumika zaidi. Katika maikrofoni ya dainamiki, kiwambo kimeunganishwa na koili ya waya inayotikisika ndani ya uga wa sumaku. Haihitaji umeme wa nje. Katika maikrofoni ya kondensa, iliyobuniwa na E. C. Wente nchini Marekani mwaka 1916, kiwambo chembamba hutikisika mbele ya bamba lenye chaji ya umeme. Aina hii huhitaji umeme, kwa kawaida volti 48 zinazopita kwenye kebo ileile ya sauti.

Kondensa hunasa mambo madogo zaidi ya sauti, na kwa sababu hiyohiyo hunasa pia feni, pikipiki ya barabarani na mvua juu ya bati. Dainamiki, ikisogezwa karibu na mdomo, huipa sauti ya msemaji nafasi kubwa kuliko kelele za chumba.

Kukuza

Umeme unaotoka kwenye maikrofoni ni mdogo mno kurekodiwa ulivyo. Kazi ya kuuongeza ni ya priamplifaya, yaani kikuza sauti cha awali, ambacho aghalabu huwa ndani ya kadi ya sauti inayounganishwa na kompyuta kwa USB. Nguvu yake hupimwa kwa desibeli: kila desibeli 20 huzidisha volti mara 10, hivyo desibeli 60 ni mara 1,000.

Hapa ndipo wengi hukosea. Maikrofoni ya dainamiki ya Shure SM7B, maarufu kwa watangazaji, hutoa takriban milivolti 1 kwa mgandamizo wa paskali 1, ambao ni sauti kubwa kuliko mazungumzo ya kawaida. Watengenezaji wake hushauri ukuzaji wa desibeli 60 au zaidi. Kikuza sauti chenye kikomo cha desibeli 50 huzidisha mara 316 tu. Kitufe kitazungushwa hadi mwisho, na pamoja na sauti utasikika mvumo wa "shhh". Kondensa nyingi hutoa milivolti 8 hadi 25 kwa mgandamizo uleule, hivyo hutosheka na ukuzaji mdogo, mradi volti 48 zipatikane.

Mvumo huo si kero ya masikio tu. Katika matamshi ya Mombasa na sehemu nyingine za pwani, paa wa mwituni hutamkwa kwa p yenye mpumuo, na paa la nyumba kwa p isiyo na mpumuo. Vivyo hivyo kaa wa baharini na kaa la moto. Maandishi hayaonyeshi tofauti hiyo. Asiyekulia miongoni mwa wasemaji hao huipata kwa kusikia. Mpumuo ni pumzi hafifu, na mvumo wa kikuza sauti kilicholemewa huufunika. Th ya thamani nayo ni dhaifu kuliko s ya samani. Rekodi yenye mvumo inaweza kuyaacha maneno yakisikika huku tofauti iliyokusudiwa kuhifadhiwa ikipotea.

Pumzi hiyohiyo ikigonga kiwambo moja kwa moja huzaa kishindo. Kwa hiyo maikrofoni iwekwe umbali wa sentimita 15 hadi 20, pembeni kidogo ya mkondo wa pumzi, na kichujio cha kitambaa kati yake na mdomo. Dainamiki inaweza kusogezwa karibu zaidi, lakini isikae mbele ya pumzi.

Kupaza

Spika hupaza: huurudisha umeme kuwa sauti. Wakati wa kurekodi inafaa izimwe na hedifoni zitumike, ili maikrofoni isinase tena kilichokwisha kurekodiwa.

Uchaguzi

Uamuzi huanza na chumba. Penye kelele zisizozuilika, dainamiki inafaa, pamoja na kikuza sauti cha awali chenye desibeli 60 au zaidi. Penye utulivu, na mapazia mazito au kabati la nguo lililo wazi la kupunguza mwangwi, kondensa hutoa picha kamili zaidi ya sauti. Maikrofoni ya USB ina kikuza sauti ndani yake. Ni rahisi kutumia, ila sehemu moja haibadilishwi bila nyingine.

Dukani, mnunuzi aombe maikrofoni, si kipaza sauti, kisha aulize maswali mawili kuhusu kadi ya sauti: inakuza kwa desibeli ngapi, na inatoa volti 48? Majibu hayo ndiyo yanayoonyesha kama vifaa hivyo viwili vitafanya kazi pamoja.