Usaili wa Kampuni za Ukaguzi: Jiandae Kufuata Shilingi

Kampuni imetangaza faida ya shilingi bilioni 2, na mwezi huohuo imeshindwa kulipa mishahara. Inawezekanaje? Swali la namna hii hupendwa na wasaili wa kampuni kubwa za ukaguzi wa hesabu, na wahitimu wengi wanaoomba kazi Deloitte, PwC, EY au KPMG hulijibu kwa kutoa maana ya faida waliyoikariri chuoni. Msaili haihitaji, maana anaijua. Anachotaka kuona ni kama unaweza kuifuata shilingi inakotoka na inakokwenda.

Omba karatasi, kisha fikiri kwa sauti. Tuseme mauzo ya mwaka ni bilioni 10 na gharama zote ni bilioni 8, ndiyo maana faida ikawa bilioni 2. Lakini katika mauzo hayo, bilioni 3 bado ziko mikononi mwa wadaiwa, kwa hiyo zilizoingia ni bilioni 7. Ndani ya gharama mna milioni 600 za uchakavu wa mitambo, ambazo hakuna aliyelipwa, kwa hiyo fedha zilizotoka ni bilioni 7.4. Ongeza lori lililonunuliwa kwa taslimu milioni 500, ambalo gharama yake haiingii yote kwenye hesabu ya faida ya mwaka huo. Ongeza pia milioni 400 za kurejesha mkopo wa benki, ambazo haziingii humo kabisa. Fedha zimepungua kwa bilioni 1.3, na faida iko palepale. Mwombaji anayefika hapa kwa hatua, hata akikosea kutoa na kurekebisha mbele ya msaili, amejiuza vizuri kuliko anayetaja namba za viwango vya uhasibu vya kimataifa mfululizo bila kujua vinafanya kazi gani.

Kabla ya kumfikia msaili kwa kawaida utakuwa umepita mtihani wa kompyuta wa hesabu na ufahamu, na mara nyingi zoezi la kikundi. Mtihani wa kompyuta dawa yake ni mazoezi ya kila siku, saa ikiwa mbele yako. Kwenye kikundi, usimmeze mwenzako na usinyamaze. Sitakaa sana hapo, kwa sababu wanaofika chumba cha mwisho huwa wameshavuka vikwazo hivyo, na huko ndiko wengi wazuri ninaowaona wanakwama.

Wanakwama kwa sababu wamejiandaa kuwa watunza vitabu, ilhali kazi wanayoomba ni ya kuvikagua. Mtunza vitabu huandika kilichotokea. Mkaguzi huuliza: nitajuaje kwamba kilitokea? Mwezi Juni 2020 kampuni ya Ujerumani ya Wirecard ilikiri kwamba yuro bilioni 1.9, zilizoandikwa kuwa ziko katika akaunti za benki nchini Ufilipino, huenda hazikuwapo kabisa. Vitabu vyake vilikuwa vimekaguliwa na EY kwa miaka kadhaa. Ukiulizwa utathibitishaje salio la benki, usiishie kusema utaangalia taarifa ya benki aliyokupa mteja, kwa kuwa karatasi inaweza kutengenezwa. Mkaguzi mwenyewe huiandikia benki, na jibu hurudi kwake moja kwa moja bila kupita mikononi mwa mteja. Hiyo ndiyo inayoitwa mashaka ya kitaaluma, na haina maana ya kumwona kila mtu mwizi.

Mfano mwingine unaofaa kuujua kwa undani ni wa kuhesabu bidhaa stoo. Mhitimu anayeanza kazi anaweza kabisa kujikuta Desemba 31 amesimama kwenye bohari la mteja akiangalia magunia yakihesabiwa. Kazi hiyo inafanywa kwa njia mbili zinazopishana. Unachukua orodha ya vitabuni, unachagua baadhi ya bidhaa na kwenda kuzitafuta kwenye rafu. Hapo unapima kama kilichoandikwa kipo kweli. Kisha unageuza: unachagua bidhaa kwenye rafu na kuzitafuta vitabuni, ili ujue kama kuna kilichoachwa bila kuandikwa. Halafu unauliza kuhusu lori lililoshusha mzigo saa chache kabla au baada ya usiku wa manane, kwani mzigo uliopokelewa Januari 1 kwa kawaida hauwi mali ya mwaka uliokwisha. Usisahau kufungua maboksi machache, kwa sababu boksi linaweza kuwa tupu. Ukiweza kueleza haya, na kusema kwa nini unafanya kila moja, msaili anaanza kukuona ukiwa kazini.

Namna bora ninayoijua ya kupata fikra hiyo haigharimu kitu. Chukua taarifa ya mwaka ya kampuni iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, kama CRDB au NMB, nayo inapatikana bure kwenye tovuti ya kampuni yenyewe. Usianzie kwenye picha za wakurugenzi. Nenda kwenye ripoti ya mkaguzi, utafute sehemu inayotaja masuala yaliyohitaji uangalizi mkubwa zaidi katika ukaguzi wa mwaka huo. Kwa mabenki, tengo la hasara ya mikopo hujitokeza humo mara kwa mara, na sababu yake iko wazi: kiwango cha kimataifa cha IFRS 9, kilichoanza kutumika mwaka 2018, kinaitaka benki ikadirie hasara inayotarajiwa kabla mkopaji hajaacha kulipa. Makadirio yana maoni ya mtu ndani yake, na penye maoni ya mtu ndipo mkaguzi hukaza macho. Soma alichofanya mkaguzi kuhusu suala hilo, kisha jiulize wewe ungefanya nini. Taarifa moja iliyosomwa hivi kwa wiki nzima inakufaa kuliko maswali mia ya usaili yanayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp.

Upande wa uadilifu, tarajia swali lenye uso wa rafiki. Mteja anakukabidhi bahasha ya sikukuu. Mjomba wako ana cheo kwenye kampuni unayokwenda kuikagua. Wewe mwenyewe unamiliki hisa za kampuni hiyo. Katika yote matatu jibu linaanza na hatua ileile: unaiambia kampuni yako mapema, kabla hujagusa faili, ili wenye mamlaka waamue. Hisa za kampuni unayoikagua hazimilikiwi, hata zikiwa chache. Arthur Andersen ilikuwa miongoni mwa kampuni tano kubwa duniani za kazi hii hadi kashfa ya mteja wake, Enron, ilipoiangusha mwaka 2002, zikabaki nne. Imani ikipotea, mkaguzi hana kingine cha kuuza.

Kuhusu maswali ya maisha yako, waombaji wengi hapa Tanzania hujidharau bila sababu. Aliyekuwa mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa cha VICOBA, akagundua daftari na fedha za sandukuni havilingani, akakaa na wenzake hadi tofauti ikapatikana, ana simulizi ya ukaguzi kamili. Aisimulie kwa kusema yeye alifanya nini, kiasi gani kilikosekana na mambo yaliishaje. Ukisema "tulifanya, tuliamua" tangu mwanzo hadi mwisho, msaili atashindwa kujua mchango wako.

Usaili kwa kawaida huwa kwa Kiingereza, na woga wa lugha umewanyamazisha vijana wenye akili sana. Eleza kwanza mfano wa faida na mishahara kwa Kiswahili kwa mtu wa nyumbani asiyejua uhasibu, mpaka aelewe na aanze kukuuliza maswali. Kisha ueleze kwa Kiingereza, kwa sauti, kwa sentensi fupi. Kinachokwamisha mara nyingi huwa ni wazo ambalo halijaiva, na lugha hubebeshwa lawama tu.

Mwishoni utaulizwa kama una swali. Uliza kampuni inawasaidiaje wanaosomea CPA: ada ya mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, inalipwa na nani, na likizo ya mitihani inatolewa siku ngapi. Uliza pia ratiba inakuwaje kuanzia Januari hadi Machi, wakati hesabu za makampuni yanayofunga mwaka Desemba zinapokaguliwa na watu wanarudi nyumbani usiku. Unayo haki ya kujua kabla hujasaini mkataba.