Maneno ya Kuokota: Gazeti Linapogeuka Picha

Umri wa gazeti ni mfupi. Asubuhi hununuliwa kwa pesa, jioni hufungiwa njugu, na kesho yake hupeperushwa na upepo kando ya barabara. Lakini wako watu, mpenzi msomaji, ambao kazi yao huanzia pale gazeti lilipoishia. Huliokota, wakalikata kwa mkasi na kulibandika kwa gundi, na mwishowe likatundikwa katika jumba la makumbusho na kuwekewa askari wa kulilinda!

Sanaa hii ya kubandika huitwa kolaji, neno lililotoka kwa Wafaransa. Vitabu vya Ulaya husema kwamba ilianza mjini Paris mwaka 1912, pale Pablo Picasso na mwenzake Georges Braque walipochoka kuiga kila kitu kwa rangi, wakaanza kubandika vitu vyenyewe.

Kwa maoni yangu habari hiyo ni nusu tu. Mnamo 951 Hijria, yaani mwaka 1544, huko Iran, bingwa wa hati aitwaye Dust Muhammad alimtengenezea mwanamfalme Bahram Mirza kitabu cha vipande. Hati za mabingwa waliotangulia, pamoja na michoro, zilikatwa, zikabandikwa kurasani na kutiwa mapambo pembezoni. Kitabu hicho kimehifadhiwa Istanbul hadi leo. Vitabu vya namna hiyo huitwa murakkaa, na waliovitengeneza walikuwa wengi. Basi mkasi na gundi si mambo mageni kwa Waislamu. Tofauti ni kwamba wao walibandika hati ili kuutukuza mkono ulioiandika, hali Bwana Picasso alibandika karatasi ambayo hakuna aliyeitukuza.

Tazama kazi yake moja ya mwaka 1912, inayoonyesha bilauri na chupa ya kileo cha Kifaransa kiitwacho Suze. Ukiitazama kwa mbali, waona meza na chupa. Ukisogea karibu, waona kwamba vipande vya gazeti vilivyobandikwa vyasimulia Vita vya Balkani, vilivyokuwa vikipiganwa wakati ule ule, na askari wa Dola ya Uthmaniya waliokuwa wakifa kwa kipindupindu. Juu ya starehe ya mkahawani pamebandikwa mauti ya watu wa mbali.

Je, maneno hayo yametiwa yasomwe, au ni weusi na weupe tu wa kupambia? Wataalamu wamegombana sana juu ya swali hili. Patricia Leighten, mwanachuoni wa Marekani, ashikilia kwamba Picasso alizichagua habari hizo kwa makusudi, kwa sababu ya chuki yake juu ya vita. Rosalind Krauss naye aonya tusimtie Picasso maneno ya gazeti kinywani kana kwamba ni maoni yake. Mimi naona ni vigumu kumwambia mtu ajuaye kusoma kwamba asisome.

Anayetuhusu zaidi sisi wa pwani ni Bi. Lubaina Himid, aliyezaliwa Unguja mwaka 1954. Babake alifariki yeye akiwa mchanga wa miezi, na mamake, ambaye kazi yake ilikuwa kubuni nakshi za vitambaa, akamchukua kwenda kwao Uingereza. Mwaka 2017 Bi. Lubaina alipata Tuzo ya Turner, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata.

Kwa miaka mingi, tangu 2007, alikuwa akizichukua kurasa za gazeti la The Guardian zenye picha za watu weusi. Aliona jambo ambalo msomaji wa haraka halioni: picha ya mtu mweusi, pengine mchezaji mpira asiye na kosa lolote, huwekwa ubavuni mwa kichwa cha habari kisichomhusu, na maneno yale yakamwangukia yeye. Bi. Lubaina hakuongeza hoja wala hotuba. Alipaka rangi na nakshi juu ya sehemu nyingine za ukurasa, akaiacha picha na maneno yaliyo jirani yabaki kutazamana. Na gazeti lenyewe, kumbuka, ni lile linalojihesabu kuwa rafiki wa wanyonge.

Nakshi hizo si ngeni kwetu. Katika kazi zake nyingine Bi. Lubaina hufuata umbo la leso: pindo, mji, na jina chini. Kwenye maonyesho yake ya mwaka 2018 mjini Gateshead, mahali pa jina alitia maneno ya washairi weusi.

Kwa vijana wetu wanaotaka kujaribu sanaa hii liko jambo la adabu. Magazeti yetu, hasa mwezi wa Ramadhani, huwa na aya na majina ya Mwenyezi Mungu. Wazee wetu wakiiona karatasi kama hiyo chini huiokota na kuiweka mahali pa juu, na iliyochakaa huizika au huichoma. Sayyidna Uthman (r.a.) mwenyewe aliamuru nakala zilizohitilafiana na msahafu wake zichomwe. Kwa hiyo kabla ya kutia mkasi, ukurasa na usomwe wote, mbele na nyuma, maana mkasi hukata pande mbili.

Na leso nayo yataka kusomwa kabla ya kukatwa. Maduka ya watalii yana mikoba na mito iliyoshonwa kwa leso, na fundi hufuata nakshi, hatazami jina. Matokeo yake ni mkoba wenye nusu ya sentensi ubavuni, na mgeni aubeba hadi kwao bila mtu kuweza kumwambia kama alichonunua ni dua au ni masimango.