Kingereza sekondari: juu ya nini wanafunzi wanasoma bila kuelewa?

Mwanafunzi anasimama, anasoma habari ya Kingereza mpaka mwisho. Mwalimu anamuuliza: basi, habari hii inasema nini? Kimya. Walimu wa Kingereza katika Kivu na Ituri wanajua sana jambo hilo, na wanalieleza kwa sababu nyingi.

Kwanza, herufi. Kiswahili kinasomwa vile kimeandikwa. Kingereza hapana: "ough" iko na sauti moja katika "though", na ingine katika "enough". Mtoto anahangaika kutafuta sauti, maana inamupita.

Pili, Kifaransa. Kinasaidia, sababu maneno kama "nation" na "information" yanaandikwa sawasawa. Lakini kinadanganya pia. "Library" ya Kingereza ni maktaba, wakati "librairie" ya Kifaransa ni duka ya vitabu. "Lecture" kwa Kifaransa ni kusoma. Kwa Kingereza ni somo la chuo kikuu.

Tatu, vitabu. Mahali pengi ni mwalimu peke yake ndiye ana kitabu. Anaandika habari ubaoni, wanafunzi wananakili, saa inaisha mbele ya kuulizana maana. Na kule vita vilihamisha watu, hata madaftari yalibaki nyumbani.

Walimu wengine wanasema shida inaanzia chini: mtoto asiyezoea kutafuta maana katika Kiswahili ao Kifaransa, hataitafuta katika Kingereza.

Jambo hili haliishii kwenye Exetat. Tangu mwezi wa saba 2022, Kongo ni mwanamemba kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako Kingereza ni lugha ya kazi. Mchuuzi anayevuka Kasindi anakuta karatasi za Kingereza. Dawa zinazotoka Uganda, maelezo yake mara nyingi ni ya Kingereza, na kukosea kipimo ni hatari.

Ni nini inaweza kufanyika bila pesa? Mwalimu aandike maswali mawili ubaoni mbele ya habari yenyewe, ili mwanafunzi asome akitafuta jibu. Awape dakika chache za kusoma kimya. Na mzazi asiyejua Kingereza anaweza kusaidia pia: amupe mtoto karatasi ya dawa ao ya sabuni, kisha amuombe aeleze kwa Kiswahili. Neno lililomushinda, aliandike na kumupelekea mwalimu kesho yake.