Nyumba ya Likasi kwa Mnunuzi Aliye Ughaibuni

Wana-Likasi waliotawanyika London, Manchester, Brussels na kwingineko, ambao wengi wao wamekwisha kununua nyumba huko waliko, au walau wamewahi kuketi mbele ya wakili wa Kiingereza na kutia sahihi karatasi moja baada ya nyingine, aghalabu huikabili shughuli ya kununua nyumba nyumbani wakiwa na dhana ambayo haina nguvu Haut-Katanga, nayo ni kwamba aliyelipa thamani na kukabidhiwa hati amekuwa mwenye ardhi. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hakuna mtu mwenye ardhi. Sheria ya 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, inatamka katika kifungu cha 53 kwamba ardhi ni milki ya dola peke yake, haiuzwi, wala haki ya dola juu yake haipotei kwa kupita miaka. Kinachohama kutoka mkono wa muuzaji kwenda mkono wa mnunuzi ni majengo pamoja na haki ya kuutumia uwanja yaliposimama. Aliyenunua fleti London kwa lizi ya miaka 125 hatashangazwa na jambo hili, kwa kuwa naye anakaa juu ya udongo wa mwingine, ila Likasi huyo mwingine ni dola yenyewe.

Haki hiyo ina namna mbili, na hapa ndipo linapozuka suala ambalo katika mazungumzo ya jumuiya zetu hupitwa kimya kimya. Namna ya kwanza ni haki ya daima, ambayo kifungu cha 80 kinampa mtu binafsi mwenye uraia wa Kongo, naye huirithisha watoto wake. Namna ya pili ni haki ya muda, isiyozidi miaka 25, inayoweza kufanywa upya, na hiyo ndiyo wanayopewa wageni na makampuni. Basi tujiulize: mzaliwa wa Kikula au Panda hapo Likasi aliyechukua uraia wa Uingereza ni nani mbele ya sheria hiyo? Sheria ya uraia ya 12 Novemba 2004 imeweka kwamba uraia wa Kongo ni mmoja na wa pekee, hauwezi kushikwa pamoja na mwingine, na Katiba ya 2006 ikakariri neno hilo katika kifungu cha 10. Kwa hiyo, aliyekula kiapo cha uraia Uingereza, hata kama lafudhi yake bado ni ya Likasi na kaburi la babu yake liko huko, kwa mujibu wa maandiko ya sheria ni mgeni, na haki ya daima si yake. Njia ya kuurejea uraia ipo katika sheria hiyo hiyo, lakini haimruhusu mtu kuwa navyo viwili. Najua kwamba wengi huenda na pasi ya zamani ya Kongo mfukoni na shughuli ikapita salama. Ila hati iliyopatikana hivyo ina ufa, na ufa huo huonekana siku ya ugomvi.

Kwa kulikimbia tatizo hilo, au kwa kukwepa tu usumbufu wa safari, wengine huiandikisha nyumba kwa jina la mdogo wao aliyebaki. Hakuna desturi iliyozaa uhasama mwingi zaidi kati ya ndugu. Daftari halijui fedha imetoka Birmingham; linajua jina lililoandikwa. Mdogo mtu akifariki, Allah amrehemu, Kanuni ya Familia ya 1987, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2016, inawapa watoto wake robo tatu ya mirathi, na robo iliyosalia inakwenda kwa mjane, wazazi na ndugu zake wa kuzaliwa, hata wewe uliyetuma kila senti ukajikuta unaomba fungu katika kile ulichokijenga, mbele ya shemeji na wapwa ambao hawasemi uongo wanaposema kwamba hiyo ni nyumba ya baba yao. Kama hapana budi kutumia jina la mwingine, basi pawe na mkataba ulioandikwa na kuthibitishwa na mnotari, ukieleza ni fedha ya nani na kwa masharti gani. Nao pia ni kinga dhaifu.

Tuje kwenye karatasi zenyewe. Likasi, iliyoitwa Jadotville hadi 1966, ni mji uliozaliwa na shaba: Union Minière ilijenga mitambo Shituru na makambi ya wafanyakazi, na Mwafrika wa zama hizo alikaa kwa idhini zaidi kuliko kwa haki. Kutokana na historia hiyo, na kwa vile mji uliendelea kupanuka baada ya uhuru, mnunuzi wa leo huonyeshwa karatasi za kila sura: kijitabu cha mwenye makazi kilichochakaa, fishi ya komini yenye muhuri wa kartiye, mkataba wa kupanga kwa dola, au barua ya mauziano iliyotiwa sahihi na mashahidi wawili na shefu wa kartiye. Karatasi hizi si bure. Zinaonyesha ni nani aliyekaa na tangu lini. Lakini kifungu cha 219 cha sheria ya 1973 hakina kigugumizi: haki juu ya uwanja uliotolewa na dola huthibitika kwa sertifika ya usajili tu. Mkataba wa kupanga kwa dola ni hatua ya mwanzo, usiozidi miaka 3, ambamo mtu hutakiwa kujenga na kuuendeleza uwanja kabla hajapewa sertifika. Auzaye akiwa na mkataba huo peke yake anauza safari ambayo haijafika, na bei iwe ya safari isiyofika.

Sertifika ya kweli huandikwa nakala mbili, moja ikabaki katika daftari la konservateri wa hati za ardhi na ya pili akapewa mwenye haki. Ina namba ya juzuu na ya ukurasa wa daftari, namba ya kadasta, eneo kwa ari na santiari, na mchoro wa uwanja wenye mipaka yake. Itazame namba hiyo ya juzuu na ukurasa kuliko unavyoutazama muhuri, kwani muhuri huchongwa sokoni, ilhali ukurasa wa daftari uko mahali pamoja tu. Uingereza daftari la ardhi limefunguliwa kwa kila mtu tangu Desemba 1990, na mtu hulisoma akiwa kitandani kwake. Likasi sharti mtu aende kwa konservateri kwa miguu yake, aombe kwa maandishi, alipe ushuru dhidi ya stakabadhi, kisha apewe jibu la maandishi: ni nani mwenye sertifika hiyo, je, imewekwa rehani benki, je, kuna pingamizi lililoandikwa. Baada ya hapo mpima wa kadasta afike mahali penyewe, azitafute nguzo za mipaka na kuzilinganisha na mchoro, maana pana viwanja ambavyo katika mchoro vina upana ambao ukuta wa jirani umekwisha kuumeza.

Jambo la kuzingatiwa na walio mbali ni lile la miaka 2. Utaratibu wa sertifika za Kongo una nasaba na ule aliouanzisha Robert Torrens huko Australia ya Kusini mwaka 1858, ambao shabaha yake ni kulifanya daftari liwe neno la mwisho. Kwa kanuni ya kifungu cha 227, sertifika ikishatimiza miaka 2 bila kushtakiwa, haki iliyomo kwa kawaida haipinduliwi tena, na aliyedhulumiwa hubakiwa na dai la fidia tu. Aliyenunua kwa uaminifu na kusajiliwa mapema hulindwa na kanuni hiyo. Aliyenunua akaiacha barua ya mauziano katika sanduku lake, akirudi kila baada ya miaka mitano, huweza kukuta mtu mwingine amekwisha kulindwa nayo.

Ukitembea katika mitaa yetu utaona ukutani maandishi ya chaki au rangi yasemayo kwamba nyumba hii haiuzwi. Hayo aghalabu ni sauti ya mirathi: baba amefariki, mmoja wa watoto ameanza kutafuta mnunuzi, wenzake wamewahi kuandika. Usiyapuuze, wala usidhani kutokuwapo kwake ni salama. Mwenye sertifika akiwa amefariki, taka hukumu ya mahakama ya kutambua warithi na mfilisi wa mirathi, pamoja na sahihi za warithi wote wenye umri. Akiwa hai na ana ndoa, Kanuni ya Familia inataka ridhaa ya mume na mke, wawe wamechagua utaratibu wowote wa mali. Mauzo yasiyo na sahihi ya mke yanaweza kubatilishwa, na Mahakama Kuu ya Likasi haitauliza kama ulijua.

Nyumba iliyokuwa ya kampuni, ikiwa ni ya kampuni ya madini ya Gécamines au ya reli, ina swali lake la ziada: je, kampuni ilimwachia mfanyakazi kwa hati, na je, konservateri aliandika sertifika kwa jina la mfanyakazi huyo? Fauka ya hayo, sertifika haikupi madini yaliyo chini ya sakafu. Wakazi wa Kasulo huko Kolwezi, ambako kobalti iligunduliwa chini ya nyumba mwaka 2014, walikuja kuondolewa baadaye ili mahali hapo pageuzwe machimbo, na ardhi ya Likasi si maskini wa madini.

Usiyeweza kusafiri, mpe wakala uwakilishi maalumu, unaotaja namba ya sertifika, jina la muuzaji na kikomo cha bei, ukathibitishwa na ubalozi wa Kongo. Usimpe mjomba karatasi ya jumla isemayo afanye yote. Muuzaji na wakala waende pamoja kwa mnotari au kwa konservateri kutia sahihi. Malipo yapitie benki, yagawanywe, na sehemu kubwa ibaki mpaka sertifika mpya itoke kwa jina lako. Dalali atakwambia kuna mnunuzi mwingine anayengoja tangu asubuhi. Mwache anunue, kwa kuwa, ingawa kuuza mali isiyo yako ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 96 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo chake miezi 3 hadi miaka 5, wauzaji wanaofungwa huwa wamekwisha kuila fedha. Msomaji unayejiandaa kununua, usitume hata faranga moja kabla hujashika mkononi jibu la maandishi la konservateri.