Kumaliza Mapema Deni la Nyumba: Hukumu ya "Nipunguzie Nikulipe Haraka"

Baada ya kumhimidi Allah (s.w.) na kumswalia Mtume wetu (s.a.w.), tunajibu suala la mfanyabiashara mmoja wa vitenge, Kariakoo. Alinunua nyumba kupitia benki ya Kiislamu kwa murabaha: benki iliinunua, kisha ikamuuzia kwa faida, alipe kidogo kidogo kwa miaka kumi. Sasa amepata fedha. Je, yafaa aseme: "Nipunguzieni, nilipe yote leo"?

Suala hili si geni. Imam Malik amepokea katika Muwatta kuwa Abu Salih aliuza nguo kwa mkopo, kisha akataka kusafiri kwenda Kufa. Wadaiwa wakataka awapunguzie, wamlipe taslimu. Akamuuliza Zayd bin Thabit (r.a.), naye akamkataza. (Muuza nguo yule, kama ndugu yetu huyu!)

Hiyo ndiyo kauli ya jamhuri ya wanavyuoni, na Mashafii tumo: muda ukifanyiwa bei, hata kwa kupunguza, unafanana na riba. Ibn Abbas (r.a.) aliruhusu, wakamfuata Ibn Taymiyya na Ibn al-Qayyim, kwa hoja kwamba riba huzidisha deni na hapa deni linapungua. Wengine hutoa dalili ya Ka'b bin Malik (r.a.), aliyeashiriwa na Mtume (s.a.w.) asamehe nusu ya deni. Sisi hatuioni kuwa inatosha; pale mdai ndiye aliyekuwa akidai haki yake, si mdaiwa aliyewahisha.

Mwaka 1992, Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa iliamua Jeddah kuwa punguzo linafaa, maadamu halikuafikiwa tangu mwanzo na limebaki baina ya mdai na mdaiwa tu. Basi asome mkataba wake vizuri. Lililo salama zaidi ni alipe kwanza bila ya sharti, kisha benki isamehe ikipenda. Hapo hata Mashafii hawana kipingamizi.

Ama aliyeweka nyumba rehani kwa mkopo wa riba, lake ni jingine. Kwa Aya ya 279 ya Suratul Baqara, haki ya mkopeshaji ni rasilimali yake tu. Riba ya miaka iliyobaki ikifutwa, hilo si punguzo, kwani kisheria haikuwa deni kamwe. Huyu atubie na aharakishe. Mwenye kiwanja cha ziada Chanika au Mbagala akiuze, hata benki ikimtoza faini ya kuwahisha, kwani faini ya mara moja huwa nyepesi kuliko riba ya miaka.