Kwa Nini Mpingo Huzama na Meli Huelea

Chukueni kipande cha mpingo kilichobaki kwa mchonga vinyago, mkitupe katika ndoo ya maji. Kitazama kama jiwe. Kisha nendeni Bandari ya Mtwara wakati wa korosho. Mtaona meli ya chuma, iliyojaa magunia, nayo inaelea. Kipande cha mti kimezama, mlima wa chuma umeelea. Mtoto akiuliza sababu, mzazi atajibu nini?

Tuanze na vitu vyenyewe. Kila kitu kimefanywa kwa chembe ndogo mno, zisizoonekana kwa macho. Zifananisheni na watu siku ya Jumapili. Walioketi katika mabenchi, kila mmoja mahali pake, ni kama chembe za kitu kigumu. Wanaotoka mlangoni wakisongana na kupishana ni kama chembe za maji au mafuta. Watoto wanaotawanyika uwanjani ni kama chembe za hewa na gesi. Watu ni wale wale. Mwendo wao ndio uliobadilika.

Mwezi wa Julai, kusi inapovuma, mafuta ya nazi huamka yameganda chupani. Jua likipanda, yanayeyuka. Katika mashamba ya chumvi, maji ya bahari hugeuka mvuke na kwenda zake angani, chumvi ikabaki chini.

Sasa tupime uzito. Lita moja ya maji ya mtoni ni kilo 1. Lita moja ya maji ya bahari ni kilo 1 na gramu 25 hivi, kwa sababu ya chumvi. Mpingo wa ukubwa huo huo ni kama kilo 1.2, na chuma ni karibu kilo 7.8. Uzito huo kwa kadiri ya ukubwa ndio wanafunzi wanaouita densiti. Kitu kinachoyashinda maji kwa densiti huzama, kinachoshindwa huelea.

Mbona basi meli haizami? Kwa kuwa si chuma kitupu. Ndani yake mna nafasi kubwa ya hewa. Ukijumlisha chuma, mizigo na hewa, ukagawa kwa ukubwa wote wa chombo, jumla hiyo ni nyepesi kuliko maji. Sufuria huelea kwa sababu hiyo hiyo. Hata mpingo ukichongwa bakuli jembamba utaelea.

Tazameni tena ubavuni mwa meli. Pana duara lenye mstari katikati, na kando yake mistari yenye herufi. Alama hiyo ilipiganiwa na Samuel Plimsoll, mbunge wa Uingereza, aliyeona mabaharia wakifa katika meli zilizopakiwa kupita kiasi. Mwaka 1876 sheria ya nchi hiyo iliilazimisha. Mstari wa herufi F, wa maji matamu, uko juu kuliko ule wa baharini, kwa maana katika maji matamu meli ile ile huzama zaidi kidogo.

Jambo hilo linatuhusu sisi wa mlango wa Ruvuma. Mto unapokutana na bahari, maji matamu hupanda juu na ya chumvi hupita chini, kabla hayajachanganyika. Chombo kikitoka baharini kuingia mtoni hushuka kidogo, labda upana wa kidole tu. Lakini chombo kilichojazwa hata ukingo ukakaribia maji hakina kidole cha kupoteza. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, kikiwa na watu kupita kiasi. Walikufa zaidi ya 200.

Gesi nazo zina uzito wake. Gesi ya Msimbati, iliyogunduliwa mwaka 1982, ni nyepesi kuliko hewa, hivyo hupanda. Gesi ya mtungi wa jikoni ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni na kukaa. Mkisikia harufu yake, msiwashe kiberiti wala taa ya umeme. Fungueni milango na madirisha, mtoke nje.

Watoto, jaribuni hili jioni. Tieni yai bichi, jipya, katika glasi ya maji matamu, litazama. Tieni chumvi kijiko baada ya kijiko, mkikoroga polepole. Chumvi ikitosha, yai litapanda.

Nanyi wazazi, siku nahodha atakaposema, "Bado pana nafasi ya mmoja," angalieni kwanza ukingo wa chombo uko umbali gani na maji. Ukiwa karibu mno, shukeni na watoto wenu, mngoje safari nyingine. Kuchelewa si kufa.