Kupanda Kirinyaga

Wengi wetu tuliozaliwa mahali panapoonekana Mlima Kenya tumeutazama tangu utoto, wala hatujaukanyaga. Mimi nami nilikuwa hivyo, hata likizo yangu iliyopita nilipofuatana na ndugu yangu, mwana wa mama mdogo, tukaupanda kwa njia ya Naro Moru.

Mbuga hiyo ya Taifa iliwekwa mwaka 1949. Ukipita langoni waingia msituni, penye mianzi na mbega. Nasi tulikuta mavi ya ndovu, tena mabichi, tukanyamaza mara moja. Juu ya msitu ni matope matupu, kisha lobelia ndefu kuliko mtu, na pimbi wasioogopa watu. Kilele kikuu, Batian, mita 5,199, hakipandwi ila na wajuao kazi ya kamba. Wasafiri wengine huishia Lenana, mita 4,985, ambako Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Uhuru Desemba 1963. Majina ya vilele hivyo ni ya malaiboni wa Kimaasai. Lakini Wakikuyu huuita mlima wenyewe Kirinyaga, na wazee wao walisali wakiuelekea.

Siku ya kwanza ilitupasa kulala kituo cha hali ya hewa, kwenye mita 3,000 hivi. Ndugu yangu, aliye hodari wa kutembea, alitaka tuunge mpaka kambi ya Mackinder, mita 4,200. Mzee mpagazi wetu akakataa; kijana akamcheka; mimi nikanyamaza, na kosa hilo ni langu. Usiku kichwa kikamwuma ndugu yangu, akatapika, na alipotoka nje alipepesuka kama mlevi.

"Bwana Karani," akasema mzee, "huyu asilale hapa. Tushuke naye sasa hivi."

Nikakumbuka fedha tulizoweka akiba miezi minane, na Lenana iliyobaki mwendo wa saa chache tu. Nikasema labda tungoje alfajiri. Mzee hakunijibu; alikuwa amekwisha washa taa.

Hewa ya huko juu ni nyepesi, na mtu apandaye upesi mno aweza kujaa maji mapafuni au kuvimba ubongo hata akafa. Dawa iliyo kubwa ni kushuka. Tulishuka matopeni tukimshika huku na huku, na kulipopambazuka, karibu na kituo, mgonjwa aliomba chai.

Tutarudi Januari, wakati wa ukavu, kwa siku tano. Mzee amekubali kutuongoza, kwa sharti kwamba ndugu yangu atembee nyuma yake.